Mbegu Zilizongoja Shingo Yangu

Nianze na shingo ya mwenzangu, maana yangu haikuwa na la kusifiwa. Alikuwa akirudi kutoka kisimani na mtungi wa maji kichwani, juu ya ngata aliyoisokota kwa kanga kuukuu, mikono yake yote miwili mitupu. Njiani anasimama kusalimiana na watu, anageuka huku na huku, anacheka, na tone la maji halimwagiki. Mimi niko mlangoni kwangu, nimevishwa kola ya sponji, nimekaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Wivu ulikuwa ukinipanda wazi wazi. Sikuuita jina lingine wakati ule, na siuiti jina lingine sasa.

Yeye ni mke wa mdogo wa mume wangu. Kwa Kidholuo tunaitana nyieka, neno lile lile wanaloitana wake wa mume mmoja. Hatukugawana mume, Mungu apishe mbali, lakini tuligawana boma, njia ya kisimani, kamba ya kuanikia nguo na maneno ya majirani. Nimewahi kufikiri kwamba pengine mume angekuwa rahisi zaidi kugawana.

Boma letu liko nje kidogo ya Pap Onditi, kwenye ile ardhi nyeusi ya tambarare inayonata miguuni mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Wazazi wa waume zetu walishafariki, na mume wangu ndiye kifungua mimba, kwa hiyo mimi ndiye mkubwa wa wanawake wa pale. Mume wangu anachomelea vyuma Kisumu. Amepanga chumba Kaloleni, na hurudi nyumbani mwisho wa wiki akipata nafasi. Mimi nina cherehani sokoni. Shemeji yangu na nyieka hawana mshahara wala cherehani. Wana ng'ombe wa kulimia na shamba, na shamba likikataa, wamekwisha.

Ugonjwa ulianzia vidoleni. Kidole gumba na cha pili yake vilikuwa vikifa ganzi, nikadhani ni mkasi. Siku moja nikashona nikiwa nimeshika sindano, kumbe sindano ilishaanguka, nimeshika hewa. Baadaye maumivu yakaja, yakitoka shingoni, yakipita begani na kuteremka mkono mzima kama maji ya moto. Kisumu wakanipiga picha kwenye ile mashine kubwa, daktari akanionyesha: kati ya mifupa ya shingo kuna vipande laini, na changu kimoja kilikuwa kimejitokeza nje kikikandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda mkononi. Kuinama juu ya cherehani miaka nenda miaka rudi, na mitungi kichwani jioni. Alisema upasuaji hauhitajiki kwa sasa, niende kwa fizio, yule mtaalamu wa kunyoosha viungo kwa mazoezi, na nisibebe kitu kichwani wala kushika jembe mpaka niruhusiwe.

Basi nyieka akashika kila kitu. Alinitekea maji pamoja na yake. Alinifulia, akanipikia, akanifagilia uwanja kabla sijaamka. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilikuwa nikihesabu kila tendo jema kama tusi. Mume wangu alipokuja, nyieka alileta ngege wa kuchemsha na nyanya, na bwana yule akala mpaka akalamba vidole, akasema mbele yangu, "Huyu anajua samaki, aki." Miaka yote niliyompikia mimi, sifa kubwa niliyowahi kupata ni "imeiva".

Fizio wangu alikuwa mama wa makamo, mikono baridi, macho yasiyokosa kitu. Alinifundisha kurudisha kidevu nyuma, kama unayekwepa harufu usiyoitaka. Alinifundisha kubana mifupa ya mabega mgongoni na kuiachia. Hayo niliyaelewa. Kisha akasema sasa tutajifunza kupumua, nami nikamtazama vizuri, kwa sababu nilidhani kupumua ni kazi niliyokwisha kuimudu.

"Lala chali, mama. Mkono moja kwa kifua, ingine kwa tumbo. Pumua vile huwa unapumua."

Nikapumua.

"Mkono gani imepanda?"

"Ya juu."

"Ya juu peke yake. Hii tumbo yako imelala tu. Wewe unapumua na mabega, mama. Kila ukivuta pumzi, misuli ya shingo ndio inainua kifua. Mchana kutwa, usiku kucha. Na hiyo misuli tayari inauma. Itapona saa ngapi?"

Akanieleza kwamba pumzi haitarudisha kile kipande mahali pake. Hilo ni la mazoezi, muda, na kujitunza. Pumzi kazi yake ni kuitua shingo mzigo ambao si wake, ilegee, ili mazoezi yafanye kazi na maumivu yapungue. Nivute kwa pua polepole, tumbo na mbavu za chini zitanuke, nitoe polepole zaidi, mabega yakae chini. Nilijaribu. Tumbo likagoma.

"Mtu akiwa na kitu kwa roho, mabega inapanda zaidi," alisema. "Uko na kitu kwa roho?"

"Hapana," nikasema, na nikayasikia mabega yangu yakienda kutafuta masikio. Fizio hakubishana nami. Alisema nije na mtu wa nyumbani anayeweza kunisimamia, kwa sababu mwenyewe siwezi kujiona.

Mume wangu alikuwa na kazi. Unajua aliyekuja. Alikuja na gauni lake la kanisani na viatu vya mkanda, furaha tele, kana kwamba tumealikwa harusi. Fizio akamwambia alale kitanda cha pili ili amwonyeshe atakachonisimamia. Nyieka akalala, akaweka mikono alivyoambiwa, na tumbo lake likainuka na kushuka, likainuka na kushuka, taratibu, kama la mtoto aliyeshiba. Mkono wa kifuani haukutikisika.

"Unaona sasa?" fizio akaniambia. "Hiyo ndio tunatafuta. Na huyu hajafundishwa."

Nilikuwa nimetoka Pap Onditi hadi Kisumu na maumivu yangu ili nionyeshwe kwamba hata pumzi, kitu ambacho Mungu amegawa bure kwa mbuzi na kuku, yule mwanamke amenishinda. Nilitamani kuvaa viatu vyangu niende zangu. Njiani kurudi aliniuliza kama kitanda kilikuwa kigumu, maana nimenuna. Nikamwambia ni kigumu.

Tangu hapo kila asubuhi alikuja kwangu kabla ya kwenda kisimani. Mimi nalala kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, kitambaa kimekunjwa chini ya kisogo. Yeye anapiga magoti kando yangu na kuweka kiganja tumboni mwangu, chini kidogo ya mbavu. "Inua mkono yangu," anasema. "Mos, nyieka. Mos mos." Polepole, polepole. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa jembe na chenye joto. Nikikosea alikuwa akisema neno moja tu, "Mabega."

Angekuwa akilisema mkekani tu ningevumilia. Alilisema kutoka ng'ambo ya uwanja huku akikamua ng'ombe. Alilisema wageni wakiwa wamekaa. Alilisema kanisani, mhubiri akiwa katikati ya Waraka kwa Warumi, akiinama kuninong'oneza, "Mabega." Na ubaya wake ni kwamba hakukosea hata mara moja. Nilipoyatazama, kweli yalikuwa juu. Na mara nyingi yalikuwa juu kwa sababu nilikuwa nikimtazama yeye.

Lakini ilifanya kazi, hilo siwezi kulificha. Majuma yakapita, nikaanza kulala bila kutafuta mahali pa kuweka mkono. Ganzi ikatoka kwenye kidole cha pili, ikabaki kidogo kwenye gumba. Nikachukua sindano nikaisikia, ncha yake na tundu lake, nikakaribia kulia. Fizio alinipima, akanisukuma mikono, akanigonga kwa kile kinyundo, akafurahi. Akasema kola niiweke kabatini. Mitungi kichwani bado, jembe bado, lakini kuinama kidogo, kupanda mbegu kwa mkono, hiyo ni sawa, kidevu kikiwa ndani na nisishinde huko. Nilirudi nyumbani na kola shingoni.

Kwa sababu mvua ndefu zilikuwa zimeanza.

Kwetu mbegu hutolewa kwa mpangilio. Mama wa boma hupanda kwanza, na kama hayupo, basi mke wa mwana mkubwa, halafu wa pili, halafu wa tatu. Mdogo hatangulii. Usiku wa kuamkia siku hiyo mume lazima awe nyumbani, na ya usiku huo si ya kuandika hapa. Sisi ni watu wa kanisa, mimi nimekaa mstari wa mbele miaka mingi, na mchungaji ameshahubiri juu ya jambo hili mpaka sauti ikamkauka. Wote tunasema amina. Kisha tunarudi nyumbani na hakuna hata mmoja anayetaka kuwa wa kwanza kujaribu kuuvunja mpangilio, mtoto asije akaanza kukonda bila sababu.

Kwa hiyo mpaka nipande mimi, nyieka hapandi. Shamba lake lilikuwa limelimwa kwa ng'ombe mara mbili, udongo mweusi, laini, unangoja. Mbegu alikuwa nazo kwenye karai chini ya kitanda. Nami nikasema mbele ya wote, "Daktari amesema shingo bado."

Majirani walipanda. Upande wa kusini walipanda, upande wa barabarani walipanda. Mahindi ya watu yakachomoza, mistari ya kijani ikaonekana hata kutoka mlangoni kwangu. Kwenye shamba la nyieka yakaota magugu. Mume wangu akapiga simu kutoka Kaloleni.

"Mama, si uweke tu mbegu kidogo hapo kando ya shamba? Hata ya kiganja. Mimi nakuja Jumamosi."

"Unataka nipooze?"

Jumamosi akaja, akanikuta na kola, nimelala kwa ubavu mmoja na uso wa maumivu. Hakuna mwanamume anayebishana na kola. Jumapili akarudi Kisumu. Shemeji naye alikuja, akasimama mbali kidogo na mlango kama ilivyo heshima, kofia mkononi.

"Shemeji, shingo iko aje?"

"Bado."

"Ni sawa. Tutangoja." Akatazama mawingu yaliyokuwa yakitoka upande wa ziwa, akavaa kofia, akaondoka.

Nikisema nilihuzunika nitakuwa nadanganya. Nilifurahi. Tangu niugue, hiyo ndiyo mara ya kwanza ile shingo yake ya chuma haikumsaidia kitu. Angeweza kubeba mitungi miwili kama angetaka, angeweza kupumua kwa tumbo mpaka akapaa, lakini punje moja ya hindi hakuweza kuiangusha ardhini mpaka mimi niseme. Nilikaa mlangoni nikamwona akisimama kando ya shamba lake mikono kiunoni, nikajisikia mzima kuliko dawa zote zilivyonifanya.

Yeye hakuniuliza. Hilo lilinikera. Alikuja kila asubuhi, akapiga magoti, akaweka kiganja. Mos, nyieka. Halafu anakwenda kisimani.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha kidogo tu na kukata, na watu walikuwa wameanza kusema kwamba mwaka huu haitakaa. Nililala mkekani, nikavuta pumzi, nikainua mkono wake. Nilipofungua macho nikamwona kwa chini, kidevu chake, shingo yake, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Mabega yake yalikuwa yakipanda. Kila pumzi yalipanda, na ile mishipa ya shingo ikatokeza kama kamba.

Siwezi kueleza nilivyoona raha.

"Nyieka," nikasema, "mabega."

Aliutoa mkono wake. Nilidhani atakasirika, na nilikuwa tayari. Alikaa juu ya visigino vyake akanitazama.

"Shingo yako imepona," akasema.

"Nani amekuambia?"

"Mkono yangu. Mimi nakushika tumbo kila asubuhi. Kitambo pumzi yako ilikuwa inakatika hapa juu, kama mtu analia. Saa hii inafika chini kabisa. Inafika hivyo kutoka wakati majirani walianza kupanda."

Kola ilikuwa juu ya kiti, pale tulipokuwa tukiiweka wakati wa mazoezi.

"Na kwa nini hukusema?"

"Niambie nani? Niambie bwana yako? Niambie bwana yangu, aje akukosee heshima? Wewe ndio mkubwa." Hakupandisha sauti. "Wewe ukiugua, boma yote inangoja. Ng'ombe inangoja, mbegu inangoja, hata mvua tunaiambia ingoje. Mimi nikiugua, nyieka, nani atangoja?"

Nje jogoo wake alikuwa akiwika, na mtoto wake mmoja akamwita. Hakuitika. Alisogea karibu, akaweka tena kiganja tumboni mwangu, mahali pale pale.

"Haya. Tumalize," akasema.

Tukamaliza. Niliinua mkono wake na kuushusha, nikauinua na kuushusha, na kila pumzi ilikwenda chini kabisa, kwa sababu mwili ukishajifunza hauwezi kudanganya kwa ajili yako. Alipokwenda kisimani nikampigia mume wangu simu, nikamwambia aje, asingoje Jumamosi.

Akaja. Alfajiri iliyofuata nilipiga magoti kwenye ukingo wa shamba langu, kidevu ndani, nikachimba kwa mkono, nikaweka mbegu, nikafukia. Mashimo machache tu. Maumivu hayakuwepo. Nilipoinuka nyieka na mumewe walikuwa tayari kwenye shamba lao, yeye na karai kiunoni, shemeji na jembe mbele yake, wakikimbizana na udongo uliokuwa umeanza kukauka juu. Hakuniambia asante, na ningemshangaa kama angesema.

Mvua ilikatika mapema mwaka ule. Waliopanda mwanzo walivuna vizuri. Mahindi ya nyieka yalifika kiunoni yakaanza kugeuka rangi, yakazaa vigunzi vya ukubwa wa kiganja. Yangu yalikuwa hivyo hivyo, lakini mimi nina cherehani, na mume wangu ana kazi Kisumu, tukanunua gunia sokoni. Watu wa kanisani walimpa pole. Wote walisema ni mvua, siku hizi mvua haieleweki. Mume wangu alisema ni mvua. Shemeji alisema ni mvua. Nyieka alikuwa kando yangu kwenye benchi, akasema, "Ndio, ni mvua."

Hapo ndipo nilipomwonea wivu kuliko siku zote za mitungi. Alikuwa na neno langu lote, lile la shingo iliyopona, mkononi mwake na angeweza kulitoa wakati wowote. Ningekuwa mimi ningelipeleka hadi kwa mchungaji, ningelilia nalo sokoni, ningelitia kwenye kila salamu. Yeye alikuwa nalo, na alikaa nalo kimya kama mtu aliyeshiba.

Kuvuna nako kuna zamu. Hindi jipya haliliwi na mdogo kabla mkubwa hajaonja. Nikachemsha hindi moja kutoka shamba langu, dogo, lina mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno, nikatoka nalo uwanjani ili nionekane nikila. Nyieka alikuwa amesimama penye jiko lake la nje, sufuria imeshabandikwa, maji yanachemka, mahindi yake machache yamewekwa kando kwenye ungo. Watoto wake walikuwa wameketi chini wamemzunguka, na wote walikuwa wakitazama mdomo wangu. Nikauma, nikatafuna. Lilikuwa tamu, na nilitafuna muda mrefu kuliko ilivyohitajika, huku wakingoja nimeze.